Mjadala: Daktari kijana apitishwe jeshini kwanza ndipo kusini tupate madaktari?

Mtoa mada, Mtwara mjini

Shikamooni wakubwa. Wengine, habari za mvua.

Juzi alasiri barazani Mikindani mzee mmoja alitua kikombe chake cha kahawa akasema dawa ya uhaba wa madaktari kusini ni jeshi. Kijana akimaliza udaktari avishwe kombati miaka miwili, apangwe kwa amri, tuone nani atakataa Tandahimba. Baraza zima likaitikia. Mimi nikanyamaza, maana hizo kombati nimezivaa.

Niliingia jeshini nikiwa daktari mbichi, kikosi kimoja huku huku kusini. Wiki ya kwanza wakaniletea kuruta aliyeanguka kwenye mbio, mwili unachoma kama jiko, anaweweseka. Nikaagiza apimwe malaria. Sajini wa zahanati, mtu wa makamo asiye na shahada, hata hakunijibu. Alishamvua yule kijana nguo, anammwagia maji ndoo kwa ndoo, askari wawili wanampepea kwa shuka. "Daktari, apoe kwanza. Malaria tutaiuliza baadaye." Alikuwa sahihi: joto la namna ile likiachwa linakula ubongo, figo na ini, na hakuna kipimo kinachostahili kulisubirisha maji. Jioni kijana aliamka anaomba uji. Nilichojifunza usiku ule sikukipata katika miaka mitano ya chuo, na sijawahi kuona aibu kusema mwalimu wangu alikuwa sajini.

Kwa hiyo siwezi kulibeza jeshi. Tatizo ni lililofuata. Nilipotoka nikapangiwa hospitali moja ya wilaya. Mikono ile ile, ujuzi ule ule. Usiku mmoja mama akawa anavuja damu baada ya kujifungua. Benki ya damu tupu, gari lipo ila halina mafuta. Kikosini ningepiga simu moja, mtu angeamka. Pale nilipiga saba. Mama aliokolewa na nesi wa zamu ambaye damu yake ililingana na ya mama. Alitoa, akanywa soda, akarudi wodini kazini.

Jeshi likimpeleka daktari mahali, linampeleka na dawa, gari, redio na mkubwa wake wa kumuuliza. Baraza linataka amri ya kumpeleka daktari peke yake. Mimi napinga. Semeni.

Babu Ruvuma

Marahaba mwanangu. Ila umesema kama mtu aliyesahau historia ya mji wake. Enzi za vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO walikuwa na hospitali yao hapa hapa Mtwara, wakaiita kwa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani 1968. Majeruhi walivushwa Ruvuma wakaletwa huku. Unadhani waliokuwa wanawatibu walisubiri jenereta? Samora Machel mwenyewe, kiongozi wao, alikuwa nesi kabla ya kushika bunduki. Vijana wa sasa mnataka mkute kila kitu kimepangwa mezani.

Mtoa mada

Babu, wale walikwenda kwa kutaka. Hakuna aliyewapangia kwa barua.

Babu Ruvuma

Na vita vya Kagera je? Nani aliulizwa kama anataka?

Mtoa mada

Hapo umenishika, Babu. Lakini ile ilikuwa vita, ikaanza 1978, mwaka uliofuata Kampala ikaanguka. Uhaba wa madaktari Newala hauna tarehe ya kuisha.

Msoma Magazeti

Nichomekee kitu kidogo. Marekani walilifanya hili kweli. Kuanzia vita vya Korea mpaka Vietnam madaktari vijana waliandikishwa kwa lazima. Wakaja na utaratibu ulioitwa Mpango wa Berry: daktari anachagua aingie mara tu baada ya mwaka wa mafunzo kwa vitendo, au asome ubingwa mwaka mmoja kwanza, au amalize ubingwa wote ndipo aingie. Ulikufa na uandikishaji wenyewe 1973. Wengine walitimiza wajibu wao katika Huduma ya Afya ya Umma, wakiwa kwenye maabara za serikali kule Bethesda, wenzao wakawacheka wakawaita "bereti za njano". Mmoja wa hao waliochekwa, Robert Lefkowitz, alipata Nobeli ya kemia 2012. Ninachotaka kusema, hata kwenye lazima mtu alipewa nafasi ya kuchagua lini na wapi.

Na kwetu tusisahau 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya lazima na makato ya mshahara yaliyokuja nayo. Mwalimu Nyerere akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20, akawarudisha makwao karibu mia nne. Alianza na yeye, akamalizia na wao. Leo nani atakatwa?

Mama Pacha, Newala

Mimi sina vita wala Nobeli. Nilijifungua pacha saa nane usiku, mganga wa zahanati yuko kwenye mnada wa korosho tangu jana. Avae kombati, avae kanzu, avae lubega, mimi nataka akiitwa aitike. Huyo sajini mlete kwetu hata bila daktari.

Msoma Magazeti

Hahaha, dada umefunga kazi.

Tabibu Bila Kituo

Wakubwa shikamooni. Mnatugombania kama mahari na bibi harusi hajaulizwa. Nina MD, nimemaliza mafunzo ya vitendo, leseni ninayo, huu mwaka wa pili niko nyumbani Masasi nasaidia palizi ya mikorosho ya baba. Kila ajira zikitangazwa naomba. Sijakataa Tandahimba, sijakataa Nanyumbu, hakuna aliyenipangia. Mnajadili kunilazimisha niende mahali ambapo nafasi yangu haijatangazwa. Hilo jeshi lenu likinichukua nitashukuru, angalau kuna wali maharage.

Babu Ruvuma

Kijana, uko Masasi sehemu gani?

Tabibu Bila Kituo

Karibu na barabara ya Newala, Babu. Kwa nini?

Babu Ruvuma

Nami niko huko huko. Mguu wangu una kidonda mwezi wa tatu sasa. Nimechoka kuambiwa nirudi Jumatatu.

Mtoa mada

Babu, kabla hajakiona, umewahi kupima sukari?

Babu Ruvuma

Sijapima.

Tabibu Bila Kituo

Usikikande maji ya moto, Babu, wala usitie unga wa dawa yoyote. Kesho asubuhi nakuja na baiskeli. Mtoa mada, kama una kipima sukari cha kuazima, niwekee kwenye basi la Masasi.

Mtoa mada

Ninacho. Vijiti vimebaki sita. Kinaondoka na basi la alfajiri.