Saratani ya kongosho imepita kemo ya FOLFIRINOX: mgonjwa aandaliweje ili akubaliwe kwenye jaribio la dawa ya KRAS?

NesiWaZamu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wanaofanya kazi kwenye tafiti za saratani. Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 58, Mkenya anayeishi Ohio. Uvimbe uko kwenye kichwa cha kongosho na umeshasambaa hadi kwenye ini. Amepewa FOLFIRINOX (mchanganyiko wa dawa za kemo, zikiwemo 5-FU na oksaliplatini), lakini CT ya mwisho inaonyesha vivimbe vya ini vimekua. Ana stenti (kibomba cha kuuweka wazi) ya plastiki kwenye mrija wa nyongo, bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu) 2.9 mg/dL. Uzito umetoka kilo 71 hadi 62. Biopsi ilichukuliwa kwa endoskopi, ila majibu ya jeni yakarudi "sampuli haitoshi". CA 19-9, ile alama ya saratani inayopimwa kwenye damu, iko chini ya 2 tangu mwanzo, na familia inalichukulia hilo kuwa habari njema.

Wanataka aingie kwenye jaribio la dawa za KRAS (jeni ambayo ikibadilika huchochea saratani), hasa daraxonrasib. Waanze na lipi? Je, anaweza kupangiwa kidonge kisicho na dawa? Na ile chanjo ya mRNA inayosambazwa WhatsApp, inamhusu?

MratibuTafiti

Mkuu, kwa vipimo hivi atakwama kwenye uchunguzi wa awali, na kitakachomkwamisha ni nyongo. Majaribio mengi ya ugonjwa huu yanataka bilirubini isizidi mara 1.5 ya kiwango cha juu cha kawaida. Maabara yenye kikomo cha 1.2 itamkubalia hadi 1.8. Yeye ana 2.9.

Stenti ya plastiki ina tundu jembamba, na kwa kawaida huanza kuziba ndani ya miezi michache. Waombe ibadilishwe iwekwe ya chuma inayojitanua, ambayo tundu lake ni pana na hukaa wazi muda mrefu zaidi. Baada ya hapo bilirubini haishuki kesho yake. Huchukua wiki kadhaa. Kosa linalojirudia ni kusaini fomu ya ridhaa haraka na kuchukua damu ya uchunguzi wiki ileile stenti imebadilishwa. Majibu ya damu yanamkataa, siku 28 ambazo picha ya CT inakubalika zinapita, CT inarudiwa, na mgonjwa anazidi kudhoofika akisubiri. Stenti kwanza, damu ya kawaida hospitalini kwake kila wiki, na namba ikishakaa sawa ndipo uchunguzi wa jaribio uanze. Akipata homa na kutetemeka katikati ya hapo, ni dharura: nyongo imeziba na imeingia maambukizi. Aende siku hiyohiyo.

Kizuizi cha pili ni nguvu za mwili. Wanataka ECOG (kipimo cha nguvu za mgonjwa) 0 au 1, yaani mtu anayejitegemea na anayeweza angalau kazi nyepesi. Mgonjwa anayeshindwa kufanya kazi yoyote ni 2, na wengi wa 2 hawachukuliwi. Kupungua kilo 9 kunakaribia kumpeleka huko, na si lazima saratani peke yake ndiyo inayomkondesha. Kichwa cha kongosho kikibanwa, vimeng'enya havifiki kwenye utumbo na mafuta yanapita bila kusagwa. Uliza choo: kama kinaelea, kinang'aa mafuta na kinanuka kupita kawaida, anahitaji vidonge vya vimeng'enya. Dozi ya kuanzia kwa mtu mzima ni uniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi (kimeng'enya cha kusaga mafuta) kwa mlo kamili na nusu yake kwa kitafunio. Kimoja akimeze na tonge la kwanza, vingine katikati ya mlo. Akivimeza nusu saa kabla ya kula, au baada ya kumaliza, havifanyi kazi vizuri. Baadhi ya wanaosema "vimeng'enya havikusaidia" walikuwa wakivimeza hivyo.

Kingine ni ganzi ya vidole, kama ameachiwa na oksaliplatini. Jaribio likiwa na paklitakseli ya albumini (kemo nyingine inayoleta ganzi) kwenye mojawapo ya makundi yake, ganzi ya daraja la 2 na kuendelea humfungia mtu mlango. Iandikwe kwenye faili ilivyo kweli: anafunga vifungo vya shati au hawezi?

MezaYaPatholojia

Naongezea la sampuli, maana bila jeni hizo dawa hawezi hata kuziomba.

Uvimbe wa kongosho hauko kama wa titi au utumbo mpana. Sehemu kubwa yake ni tishu ngumu ya nyuzinyuzi, na seli za saratani zimetawanyika humo chache chache. Sindano laini ya kufyonza inaleta seli za kutosha kusema "hii ni saratani", lakini zisitoshe kusoma jeni. Halafu zile chache zinaishia kwenye rangi za kuthibitisha aina ya uvimbe, mpaka bloku (kipande cha nta kinachohifadhi sampuli) inabaki nta tupu. Kwa hiyo kabla ya kumtoboa tena, waulize maabara: kuna bloku nyingine? Kuna slaidi za seli ambazo hazijatumika? Mara nyingine nyenzo ipo kabatini na hakuna aliyeiomba.

Kama haipo, kwa huyu nisingerudi kwenye kongosho. Ana vivimbe kwenye ini. Sindano nene ya geji 18 kupitia ngozi kwa kuongozwa na ultrasaundi inaleta vipande vizuri zaidi. Kwenye fomu ya maombi waandike wazi kwamba lengo ni jeni, ili fundi asikate slaidi nyingi za rangi. Na angalizo moja: kama kivimbe kinachopimika, chenye milimita 10 au zaidi, ni kimoja tu, wasikitoboe hichohicho kabla ya kuongea na watafiti. Jaribio linahitaji kivimbe cha kupimia maendeleo, na kilichotobolewa kinaweza kukataliwa.

Sambamba na hilo apimwe DNA ya uvimbe kwenye damu. Saratani iliyofika kwenye ini humwaga DNA nyingi kuliko iliyobaki kwenye kongosho, kwa hiyo nafasi ya kupata jibu ni nzuri. KRAS ikionekana, umeipata. Isipoonekana, usiandike "hana KRAS". Huenda damu haikubeba DNA ya kutosha.

Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa saratani hii wana KRAS iliyobadilika. Mabadiliko hayo yana majina: G12D ndiyo nyingi zaidi, takriban 4 kati ya 10, ikifuatiwa na G12V, kisha G12R. G12C, ambayo ndiyo ilitangulia kupata dawa, ni kama 1 au 2 kwa 100. Ndiyo maana familia iulize herufi na namba kamili, isiridhike na "KRAS chanya". Akitokea kuwa hana KRAS kweli, utafutaji uanze upya kwa makini, maana kundi hilo dogo ndilo lenye miunganiko ya jeni kama NRG1, iliyopata dawa yake, zenocutuzumab, Marekani Desemba 2024.

Jeni za kurithi nazo zipimwe kwa damu au mate, hata kama ukoo hauna historia ya saratani. BRCA (jeni ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani katika ukoo) ikipatikana inawahusu pia watoto na ndugu zake.

Kuhusu CA 19-9: hiyo si habari njema wala mbaya. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi kabisa alama hiyo kwa sababu ya kundi la damu la Lewis, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu. Kwake kipimo hicho kiachwe. Afuatiliwe kwa CT.

NesiWaZamu

Nashukuru sana, la vimeng'enya nimeshawapigia. Bado la kidonge tupu na la chanjo.

TakwimuZaTiba

Kidonge tupu peke yake kwa mgonjwa ambaye bado ana kemo inayojulikana kumsaidia ni jambo ambalo kamati ya maadili haiwezi kulipitisha. RASolute 302, jaribio la awamu ya tatu la daraxonrasib kwa waliokwisha kupata tiba moja, linalinganisha vidonge vya miligramu 300 mara moja kwa siku na kemo atakayochagua daktari. Kila mtu anajua anachopewa. Akipangwa kwenye kemo, amepata ileile ambayo angepewa nje ya jaribio. Kabla ya kupiga simu waangalie kwenye ClinicalTrials.gov kama bado linapokea watu. Likiwa limefungwa, watafute mengine ya KRAS kwa jina la badiliko lake.

Chanjo haimhusu, na familia iambiwe bila kuzunguka. Chanjo hiyo ya mRNA, autogene cevumeran, hutengenezwa kutokana na uvimbe wa mgonjwa mwenyewe uliokatwa kwa upasuaji. Katika utafiti wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, uliochapishwa 2023, waliochanjwa ni 16, wote wamefanyiwa upasuaji, na kinga ya 8 kati yao iliitikia. Matokeo hayo yana uzito, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha, na huenda wanaoitikia chanjo ni wale ambao kinga yao ilikuwa imara tangu mwanzo. Ndiyo maana awamu ya pili inalinganisha wenye chanjo na wasio nayo.

Tahadhari hiyo ina sababu. Kulikuwa na PEGPH20, kimeng'enya cha kuyeyusha ile tishu ngumu aliyoieleza MezaYaPatholojia ili kemo ipenye. Awamu ya pili ilitia moyo. Awamu ya tatu, HALO-301, yenye wagonjwa 494, ikaleta mediani ya kuishi (muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka) miezi 11.2 kwa waliopewa na 11.5 kwa wasiopewa. Wazo lilikuwa zuri, uvimbe haukujali.

Pia wasilinganishe namba za majaribio tofauti. FOLFIRINOX mwaka 2011 ilipata mediani ya miezi 11.1, kemo ya jemsitabini na paklitakseli ya albumini mwaka 2013 miezi 8.5, lakini wagonjwa wa la kwanza walichujwa kwa ukali zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya mchujo wenyewe.

FamasiaYaSaratani

Akiingia kwenye dawa ya KRAS ya aina ya daraxonrasib, ajiandae kwa upele, vidonda vya mdomoni na kuhara. Upele wa dawa hii kwa ngozi nyeusi haung'ai wekundu. Utafute kwa mkono, vipele vya kukwaruza usoni na kifuani, na doa jeusi vinapopona. Aripoti mapema, apewe antibiotiki ya vidonge na dawa ya kusukutua, kwa sababu anayesubiri mpaka ashindwe kula huishia kusimamishiwa dozi.

Orodha ya dawa zote iende nayo: omeprazo (ya kupunguza asidi ya tumbo), dawa za kuzuia damu kuganda, na mizizi au majani anayotumiwa kutoka nyumbani. Si kwa kumgombeza. Baadhi hubadilisha kasi ya ini kuvunja dawa, nyingine huzuia dawa isifyonzwe vizuri: sotorasib (dawa ya KRAS G12C), kwa mfano, hufyonzwa kwa kiasi pungufu mtu akiwa kwenye omeprazo.

Kwa wengine wanaosoma hapa na hawajaanza 5-FU: kipimo cha DPYD (jeni ya kimeng'enya kinachovunja 5-FU) cha Ulaya chenye mabadiliko manne hakina Y186C, ambalo hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na hupunguza uwezo wa mwili kuvunja dawa hiyo. Ulizeni kama limo kwenye orodha ya maabara yenu.

MratibuTafiti

La mwisho kwa familia. Kama Kiingereza cha ridhaa kinamshinda, ana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili na mkalimani wa hospitali. Mtoto wake asifanye kazi hiyo. Gharama: kwa kawaida mfadhili hulipia dawa ya jaribio na vipimo vya ziada, bima hulipia huduma za kawaida, na tangu Januari 2022 Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) inawajibika kulipia hizo pia. Nauli na malazi waulize mapema.

Barua pepe kwa kituo iwe fupi: aina ya saratani na ilikosambaa, tiba aliyopata na tarehe ya dozi ya mwisho, badiliko la KRAS kama limejulikana, ECOG, bilirubini ya wiki hii, tarehe ya kubadilishwa stenti. Waambatanishe ripoti ya patholojia na CT yenyewe kwenye diski au kiungo, si maelezo yake tu. Ikikosekana tarehe ya dozi ya mwisho, hawawezi kupiga hesabu ya siku za kusubiri dawa ya zamani itoke mwilini, na barua inarudi kuulizwa.