Nauli ya Kalokol: ruzuku na kazi za kulipwa nizitafute wapi?

Binti wa Kayole
Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwandishi na mpiga picha wa kujitegemea, niko hapa Nairobi. Nataka kufika Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana, niandike habari za akina mama wanaokausha samaki. Samaki wao husafirishwa hadi Kongo, na miaka hii maji ya ziwa yamepanda yakafunika makazi ya watu. Shangazi yangu aliuza samaki hao Kitale kwa miaka 11, kwa hiyo naijua biashara hii tangu utotoni. Nimepiga hesabu ya siku 8: basi hadi Lodwar, gari la Kalokol, gesti, chakula. Shilingi 45,000, na sina. Nimeomba ruzuku mara 2, nikakataliwa zote. Nianzie wapi?

Mzee wa Kamera
Pole, binti yangu. Mimi nilikataliwa mara 4 kabla ya kupata.

Tafuta mhariri kwanza, fedha baadaye. Wafadhili wa habari wanataka kujua itachapishwa wapi. Pulitzer Center ya Washington hulipia gharama za safari za kuripoti, lakini huuliza mpango wako wa kuchapisha, bajeti, na sampuli za kazi zako. Maelezo ya mradi hayazidi maneno 250. Mhariri akikuandikia hata mistari 2 kwamba anaitaka habari yako, ambatisha. Waangalie pia Earth Journalism Network, wanatoa ruzuku za habari za mazingira.

Hayo maneno 250 usiyamalizie kwenye mabadiliko ya tabianchi duniani. Kila mwombaji anaanzia hapo. Wewe anza na shangazi yako na gunia la samaki Kitale. Ombi langu lililofaulu lilianza na bei ya gunia la mkaa Kibwezi.

Halafu nimesoma hesabu yako mara 2, sijaona mkalimani. Unaongea Kiturkana?

Fundi Sauti
Dada, safari moja isikupe habari moja tu. Nilipokwenda Marsabit nilirudi na makala ya gazeti, sauti za kipindi cha redio, na picha ambazo shirika moja la maji lilinunua. Zile picha ndizo zilizorudisha nauli. Jaribu Taifa Leo, BBC Swahili na DW Kiswahili, ila kila mmoja mpe pembe yake, usiwauzie wote kitu kilekile. Beba kinasa sauti hata kama wewe ni wa picha.

Na mambo ya malipo yamalizeni kwa maandishi kabla hujapanda basi: kiasi gani, lini, na picha zitabaki za nani. Kuna tovuti ilinilipa baada ya miezi 5, na wakati huo nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba. Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari usiisahau.

Binti wa Kayole
Asanteni sana. Mzee, Kiturkana naelewa salamu tu, na mkalimani kweli nilimsahau. Nimwekee shilingi ngapi kwa siku?

Mzee wa Kamera
Usikisie. Shangazi yako hakosi mtu anayemjua Kalokol. Mpigie huyo leo, mwulize yeye mwenyewe kazi ya siku anataka ngapi, na hiyo ndiyo uandike.

Binti wa Kayole
Shangazi amenipa namba ya mama mmoja wa Kalokol, mwanawe ni mwalimu. Nampigia mama huyo jioni akitoka ziwani.