Wanawake wenzangu wa zumba ya jioni, mnatuchosha kuliko mazoezi yenyewe

Habari za jioni wadau. Nina povu la wiki nzima, naomba nilimwage hapa, maana nikilimwaga ukumbini nitaonekana nina roho mbaya.

Nafanya zumba ukumbi mmoja huku Tabata, Dar, darasa la wanawake watupu, saa 12 jioni, 5,000 kwa siku. Mwalimu yuko vizuri na muziki uko vizuri: anaanza na merengue ya kupasha, anatupitisha kwenye salsa na amapiano, mwishoni anatushushia singeli mpaka tunatafutana. Kinachoniudhi ni sisi wanafunzi.

Huo mstari wa mbele kwanza. Hivi nani aliwaambia mbele ni pa wenye nguo mpya? Mwalimu wa zumba haongei sana, hata akiongea spika zinammeza. Anaongea kwa mikono. Akinyoosha mkono kulia, tunaenda kulia. Akionyesha vidole vinne, hatua hiyo ni mara nne. Akizungusha kidole juu ya kichwa, jiandae kugeuka. Sasa sisi wa nyuma tusiomwona tunafuata nini? Tunamfuata aliye mbele yetu! Na aliye mbele yetu ni bidada anayezijua hatua vizuri tu, ila ameamua kukata mauno yake mwenyewe. Matokeo yake mwalimu anaelekea Segerea, mistari yote nyuma ya bidada inaelekea Buguruni.

Mgeni simlaumu hata kidogo, sote tulianza. Mgeni akae katikati, aone watu mbele na awe na watu nyuma, kwa sababu tukigeuka wa nyuma ndio wanakuwa wa mbele na atabaki hana wa kumwangalia. Ninaowasema ni wenyeji, wanaofika mapema na kutupa taulo na chupa za maji mbele ya kioo kuwashikia mashoga zao, kama anayerusha mkoba dirishani mwa daladala kuwahi siti. Shoga mwenyewe anatokea nyimbo tatu zimeshapita, hajapasha hata shingo, anakata katikati ya watu kwenda kwenye taulo lake. Na sisi tunampisha!

Jumanne ndiyo iliyonishinda. Singeli imekolea, na mnaijua singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hakuna muda wa kujiuliza. Mwalimu kazungusha kidole, tukageukia ukuta wa pembeni na kuhama hatua nne. Wote isipokuwa mmoja. Yeye kaganda palepale anakata, maana kasimamisha simu kwenye stendi yenye taa pale chini ya kioo na hataki kuipa mgongo. Nikamvaa mzima mzima, kiwiko chake kikanipata shavuni. Mnadhani nilipewa pole? Niliambiwa, "Dada angalia basi, umeniharibia video."

Nimeharibu video. Mimi niliyelipa 5,000 sawa na yeye.

Na hizo video ndizo zinanifanya nisilale. Kuna mama mmoja pale, mtu wa swala tano, alikuwa anavua ushungi akishaingia kwa sababu mlangoni kumebandikwa WANAWAKE TU. Siku moja mtoto wa shemeji yake akamletea simu, "Mamdogo, huyu si wewe?" Yuko nyuma ya mtu anayejirekodi, kichwa wazi, jasho linamtiririka, na watu wasiomjua wameshaanza kumtolea maoni. Hajarudi tena darasani. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini ukumbini kwetu hata kuuliza tu "jamani narekodi, asiyetaka asogee" ni kazi ngumu. Mkitaka video, ombeni wimbo mmoja mwishoni, wanaotaka wabaki, wasiotaka watoke. Kuna ugumu gani hapo?

Mengine nayapitia haraka, mnajijua. Mnaojipulizia manukato mkiwa katikati ya mstari, feni mbili hizo haziwezi, kuna watu wana pumu. Mnaopiga umbea wakati mwalimu anafundisha hatua mpya, halafu mnauliza "tumefanyaje?". Mnaokuja na raba za kukimbilia zenye meno, zile zinang'ang'ania sakafu, mwili unageuka goti linabaki, kesho mnasema zumba imewaumiza. Na mnaokimbilia bajaji kabla ya wimbo wa kupoa: moyo bado unadunda, damu imejaa miguuni, unasimama ghafla, kizunguzungu lazima. Ukidondoka ngazini tutakubeba sisi sisi.

Nilimfuata mwenye ukumbi nikamweleza yote, hadi shavu nikamwonyesha. Akaniambia, "Dada yangu, wote ni wateja, chukulianeni tu." Mwalimu naye mpole mno, anatabasamu, anaongeza sauti ya muziki.

Sasa wenye kumbi mliomo humu, kubandika karatasi moja mlangoni inayosema simu zibaki kwenye mikoba kunawagharimu shilingi ngapi? Na mwenye kujua darasa la wanawake la jioni kati ya Tabata na Kinyerezi ambalo mwalimu wake ana mdomo, anasimamisha muziki na kumtoa mtu mbele bila kujali ni shoga wa nani, anitajie hapa. Hata likiwa 7,000 nalipa.