Hatifungani ya maji Moshi: wananchi tupige kura au tuiachie bodi?

Mwananjoro
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja. Mwaka 2024 mamlaka ya maji Tanga iliuza hatifungani, yaani karatasi za mkopo ambazo anayenunua ndiye anayekopesha, ya shilingi bilioni 53.12, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, muda miaka 10. Wanunuzi walijitokeza hadi ikapitiliza kiasi kilichotakiwa, na leo iko kwenye Soko la Hisa Dar es Salaam. Mimi nasema Moshi tunaweza. Maji yetu mengi ni ya mserereko kutoka chemchemi kama Nsere na Shiri, hatuyasukumi kwa umeme usiku na mchana, na mji unatanuka kila kona.

Lakini kuna jambo moja. Marekani, hata mji mdogo wa watu elfu mbili tatu, ukitaka kukopa kwa hatifungani itakayolipwa na kodi ya majengo, kwa kawaida wakazi wanapiga kura kwanza: ndiyo au hapana. Sisi uamuzi unafanywa juu, mwananchi anaukuta kwenye bili. Napendekeza Moshi ikifuata njia ya Tanga, kila mwenye dira apige kura kabla ya kukopa. Tusiwe kama wenzetu wa Arusha waliokunywa maji ya kuharibu meno miaka yote kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Fundi wa Pasua
Kukopa naunga mkono. Kura hapana. Bomba likipasuka halisubiri kampeni.

Mama Kiusa
Fundi, bomba lililopasuka linazibwa kwa hela ya matengenezo, si kwa deni la miaka kumi. Usichanganye mambo mawili ili kutunyamazisha. Mwananjoro yuko sahihi, anayelipa aulizwe.

Chalii wa Ngarenaro
Mwananjoro, hilo la meno umeliingiza la nini? Umeanza na hatifungani ukamalizia kwenye vinywa vya watu. Mimi ni mzaliwa wa Ngarenaro, meno yangu ni ya kahawia, na nimeoa Marangu na meno hayo hayo. Shule ya bweni nilichekwa na watoto wa Moshi hadi nikajifunza kucheka mdomo umefungwa. Sasa nimeshakuwa mtu mzima na bado nalikuta hili kwenye mada ya mikopo!

Na nikueleze: ile floraidi, madini yanayobadilisha meno rangi, inatoka kwenye miamba ya volkano. Hakuna kura ingeiondoa ardhini. Kilichohitajika ni hela ya kutafuta maji mengine, na hela ilipopatikana mradi wa maji Arusha wa bilioni 520 ukajengwa, visima virefu vikachimbwa hadi Wilaya ya Hai. Ndiyo, Kilimanjaro kwenu. Hakuna aliyepiga kura.

Mzee wa Rau
Vijana, tulieni. Chalii usikasirike, mwenzako hakukutukana. Lakini ukweli usemwe: maji ya Moshi ni ya theluji ya mlima, safi tangu enzi za mababu. Kitu kizuri namna hiyo hakiwekwi rehani sokoni Dar es Salaam. Mkikopa, aliyewakopesha ndiye atakayewapangia bei ya maji yenu.

Mwana Mweka
Shikamoo mzee. Kwa heshima, maji yetu hayatoki kwenye theluji. Barafu ya kileleni inachangia kidogo mno. Mvua kubwa inanyesha kwenye ukanda wa msitu, ukungu unanaswa na miti na kuvumwani zake, maji yanazama kwenye mwamba na kutokea huku chini kama chemchemi. Barafu ikiisha kabisa, chemchemi zitaendelea. Msitu ukiisha ndipo tutakapolia. Kwa hiyo kama kuna hatifungani, sehemu yake iende kulinda msitu wa juu, si mabomba peke yake.

Mzee wa Rau
Marahaba. Mwanangu, mimi nimeuona mlima huu ukiwa mweupe hadi chini, na mito ilikuwa imejaa. Leo mlima mweusi na mito imekauka. Wewe nieleze hilo.

Mwana Mweka
Mzee, vyote viwili vimetokea kwa pamoja lakini kimoja hakikusababisha kingine. Moto umekula msitu wa juu kwa miaka mingi, huku chini tumeongezeka na kila mtu anachota. Mfongo, yaani mfereji wa asili, uliokuwa wa ukoo mmoja leo unanywesha kata nzima.

Tabibu wa Meno
Kwa kuwa meno yameshaguswa, niseme la kitaalamu. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu zaidi ya hapo, kwa sababu maeneo mengi yasingepata maji kabisa kama tungebana. Meno yanaathirika mtoto akiwa mdogo, yanapojijenga ndani ya fizi kabla hayajatoka. Mtu mzima akihamia Arusha leo meno yake hayabadiliki rangi. Na tafadhali, mama akichemsha maji haondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki. Inayosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanya kwa miaka mingi, au kuchanganya na maji ya chanzo chenye floraidi kidogo. Si uchafu wala uzembe wa mtu. Naomba watu waache kucheka.

Chalii wa Ngarenaro
Asante sana tabibu. Sasa waeleze na la magadi. Waeleze wanaojiita safi.

Tabibu wa Meno
Ni kweli, magadi ya kupikia yana floraidi, mengine nyingi sana. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro ulikuta watoto wenye madoa kwenye meno hata vijiji ambavyo maji yake hayana tatizo, na magadi yakatajwa kuwa sababu mojawapo. Kwa hiyo ndiyo, meno ya namna hiyo yapo Moshi pia.

Mama Kiusa
Hapo tabibu umenigusa vibaya. Kiburu, ndizi na maharage vikipikwa pamoja, bila magadi ni nini? Bibi yangu alipika kiburu kwa magadi maisha yake yote, akazikwa na meno yake yote, meupe. Watoto wangu saba pia. Tumekuja kujadili deni la maji, sasa mnatufungia jiko!

Tabibu wa Meno
Mama, sijakataza kiburu. Nimesema mtoto mdogo asilishwe chakula chenye magadi mengi kila siku. Kuna tofauti.

Mama Kiusa
Na mimi nasema bibi zetu hawakuwa wajinga. Magadi yanalainisha maharage, kuni zinapungua. Nani atanilipia gesi nikichemsha maharage mchana kutwa?

Manka wa Kibosho
Mama Kiusa, naungana na wewe. Ila maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva haraka bila magadi, na tumbo halijai gesi. Jaribu.

Chalii wa Ngarenaro
Basi mimi nimeridhika. Wenye magadi kwenye chungu wasinyooshe kidole Arusha.

Mhasibu wa Soweto
Jamani, kurasa mbili za kiburu. Naomba turudi kwenye hela, maana Mwananjoro amechanganya kitu cha msingi. Marekani kuna hatifungani za aina mbili. Moja inadhaminiwa na kodi za mji, na hiyo ndiyo mara nyingi hupigiwa kura. Ya pili inalipwa na mapato ya mradi wenyewe, yaani bili za maji, na sehemu nyingi kule haihitaji kura. Ya Tanga ni ya aina hii ya pili, inalipwa kwa mapato ya mamlaka. Kwa hiyo ukisema tuige Marekani, hata wao hatifungani ya aina hii wengi wao wasingeipigia kura.

Halafu hesabu. Asilimia 13.5 ya bilioni 53.12 ni kama bilioni 7.17 kwa mwaka, riba tupu, mtaji haujaguswa. Tuseme, kwa mfano tu, mji una wateja 40,000. Ukiwagawia riba hiyo sawasawa, kila mmoja ni karibu elfu 15 kwa mwezi. Haina maana kwamba bili itapanda hivyo. Hela inatakiwa itoke kwenye maji mapya yatakayouzwa na yale yanayovuja leo yakizibwa. Lakini mradi ukichelewa mwaka mmoja tu, riba haichelewi.

Mwananjoro
Mhasibu, kama wao hawapigi kura haimaanishi sisi tusipige. Mimi nimechukua kanuni: anayelipa aulizwe. Aina ya karatasi si muhimu. Na huo mfano wako wa elfu 15 ndio unaonipa haki. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni, hesabu hiyo aisikie kabla, si baada.

Fundi wa Pasua
Tayari tunaulizwa. Mamlaka yoyote ikitaka kupandisha bei inapeleka maombi EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na EWURA inaitisha mkutano wa taftishi, wananchi wanasema. Wangapi humu mmewahi kuhudhuria? Mnataka kura wakati mkutano wa bure hamwendi.

Mama Kiusa
Kwenye taftishi unasikilizwa. Kwenye kura unaamua. Fundi, wewe kila unapokuja hapa unatetea wenye viti.

Fundi wa Pasua
Natetea mabomba, mama. Nimeyachimbua mimi, nayajua yalivyo.

Mdigo wa Chumbageni
Assalam aleikum ndugu zangu wa bara. Mimi natoka Tanga mnakokutaja. Hatukupiga kura, na sijasikia mtu akilalamika kwamba hakupigishwa kura. Tulichotaka kujua ni kama mtu wa kawaida anaweza kununua au ni ya matajiri na mifuko ya pensheni. Hilo kwangu ndilo swali la kuuliza Moshi. Nyinyi Wachaga mna hela, vikoba vyenu vinajulikana nchi nzima. Mkinunua wenyewe, riba inarudi nyumbani. Mkiwaachia wengine, bili mnalipa nyie, riba inapanda basi kwenda Dar.

Na kingine. Hatifungani ya shilingi inalipwa kwa shilingi. Mradi wa Arusha ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkopo wa nje shilingi ikishuka, deni linanenepa bila ya kuongezewa hata senti. Mkiyaweka mezani, wekeni yote.

Mhasibu wa Soweto
Hoja nzito kaka. Ila mkopo wa namna ile una riba ndogo na muda mrefu kuliko hatifungani ya 13.5. Si rahisi kusema upi una nafuu.

Chalii wa Ngarenaro
Halafu kumbukeni, kura nayo inaweza kuamua mambo ya ajabu. Marekani wao wanatia floraidi kwenye maji makusudi, kidogo, kuzuia meno kutoboka. Kuna mji mkubwa ulipiga kura kukataa, nadhani jimbo la Oregon.

Tabibu wa Meno
Portland, Mei 2013. Walikataa. Kiwango wanachoshauriwa kule ni miligramu 0.7 kwa lita.

Mwananjoro
Na walikuwa na haki ya kukataa! Ndicho ninachosema!

Mpangaji wa Majengo
Nimesoma yote toka juu. Mwananjoro ameandika "kila mwenye dira apige kura." Mwenye dira ni mwenye nyumba. Sisi tuko familia sita kwenye uwanja mmoja, dira moja, jina kwenye bili ni la mzee mwenye nyumba ambaye haishi hapa. Bili ikija anaigawa kwa vichwa, anaongeza na ya kwake, na anayefua nguo za watu analipa sawa na asiyefua. Hapo nani ameulizwa? Mtapiga kura nyinyi wenye viwanja, deni tutalibeba sisi.

Mzee wa Rau
Mwenye nyumba ndiye anayefuatwa maji yakikatwa, ndiye anayebaki na deni mpangaji akihama usiku. Mimi nina wapangaji, nimeachiwa madeni na watu waliokuwa wakinisalimia vizuri kila asubuhi. Kura ni ya mwenye mali.

Mpangaji wa Majengo
Shikamoo mzee, lakini sikubaliani. Maji hanywi mwenye mali, anakunywa anayekaa pale. Mimi na mke wangu tumelipa kila mwezi toka tumeingia, stakabadhi hatujawahi kuiona hata moja.

Mama Kiusa
Mzee Rau, hapo umeteleza. Mpangaji naye ni mtu wa mji huu, madiwani anawapigia kura bila kuulizwa hati ya kiwanja.

Mzee wa Rau
Diwani halipwi kwa dira yangu.

Mwananjoro
Mpangaji, nakubali tupanue. Kura iwe ya kila mkazi mtu mzima, aliyeandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mpangaji wa Majengo
Nashukuru, ila kwa kweli kura yenyewe sina haja nayo sana. Ninachotaka ni kuona ninachotumia. Fundi, wewe unayejua, inawezekana kila chumba kuwa na dira yake?

Fundi wa Pasua
Inawezekana. Dira kubwa inabaki ya mamlaka, ndani ya uwanja fundi anafunga dira ndogo kwa kila familia, mnasoma wenyewe mwisho wa mwezi. Kazi ya siku moja kama bomba la ndani halijapitishwa chini ya sakafu. Kikwazo si ufundi, ni ruhusa ya mwenye nyumba.

Mzee wa Rau
Na gharama ya hizo dira nani anatoa?

Mpangaji wa Majengo
Tunatoa sisi sita, mzee. Tukihama tunakuachia. Ungekuwa wewe ndiye mwenye nyumba wetu, ungeruhusu?

Mzee wa Rau
Bili za nyuma ziwe zimelipwa zote, ningeruhusu.

Mpangaji wa Majengo
Basi kesho nampigia wa kwangu, na nitamtumia ukurasa huu asome.