Persimoni kwenye baridi kali: Fuyu, Saijo, ya Kimarekani au chotara?

NyumaYaNyumba
Wadau, nina nafasi ya miti miwili tu ya persimoni. Huku baridi hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri karibu kila mwaka, na mara chache inagusa 18. Moyo wangu uko kwa Fuyu, ile bapa inayoliwa ingali ngumu kama tufaha. Ila kila nikiuliza naletewa majina ya aina nyingine: Saijo, Meader, Nikita's Gift. Nani amepanda mwenyewe? Na tafadhali msiniambie "inategemea".

MzeeWaMiche
Inategemea, kijana wangu 😄

Fuyu ni kaki, persimoni ya Asia (kaki ya tunda, siyo ya nguo). Mti uliokomaa unaweza kustahimili nyuzi 15 hivi, labda 17 ukiwa umelala vizuri. Mche wa mwaka mmoja hauwezi. Wangu ulikauka wote juu ya pale ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la mti mwingine. Masika yalipofika yakachipuka majani chini, nikafurahi, nikamwagilia na kupalilia miaka minne. Kumbe nalea kishina, ule mti wa chini wenye mizizi! Kilikuwa cha lotus (jamaa wa kaki), kikanizalia vitunda vidogo kama cheri. Siku hizi jambo la kwanza ninalouliza kabla ya kununua ni umebebeshwa juu ya nini.

Bi_Matandazo
Pole Mzee. Lakini mnaangalia kipimajoto cha usiku mmoja na kusahau miezi ya kabla yake. Fuyu huondoa ukakasi wake ikiwa mtini, na ili iuondoe inahitaji joto la muda mrefu hadi mwisho wa msimu. Palipo na majira mafupi mti unaweza kupona baridi yote na bado ukakupa tunda gumu linalokaba ulimi. Hapo umekosa kotekote.

Saijo ni kinyume. Ina ukakasi tangu mwanzo na haijifichi. Unaichuma ikishageuka rangi, unaiweka ndani pamoja na matufaha au ndizi mbivu, ile gesi ya ethilini inaifanya ilegee, tanini (ndizo zinazoleta ukakasi) zinakamatana na ulimi hauzihisi tena. Kazi iliyolishinda jua inamaliziwa jikoni. Kwa sehemu za baridi mimi huchagua zenye ukakasi, bila kusita.

Jembe_Butu
Dada kasema kweli, ila Saijo nayo ni kaki tu, hata kama huvumilia baridi zaidi kidogo kuliko Fuyu. Kwa nyuzi 18 bado anacheza kamari.

Mimi nina ya Kimarekani, Diospyros virginiana, yenye asili ya mashariki mwa Marekani. Nyuzi 25 chini ya sifuri haziitishi. Inachelewa kutoa majani, kwa hiyo jalidi ya masika inaipita ikiwa bado imefumba macho. Tunda ni dogo, na ukilila kabla halijalegea utajuta, lakini likiiva utamu wake kaki haiufikii. Hapo ndipo mimi na wapenzi wa Fuyu tunapogombana.

Kasoro zake: miti ya kiume na ya kike huwa mbalimbali, kwa hiyo usipande mbegu ukadhani umemaliza. Utangoja miaka mingi kisha ugundue ni dume. Tafuta mche uliobebeshwa wa Meader, ambao kwa kawaida huzaa bila dume. Pia mti unarefuka sana, na maotea ya mizizi yatakutokea hadi katikati ya njia.

NyumaYaNyumba
Na hizo chotara je? Au ni maneno ya wauzaji?

MzeeWaMiche
Si maneno matupu. Rosseyanka ilitokana na kuzalisha ya Kimarekani na kaki katika bustani ya mimea ya Nikitsky, Crimea. Nikita's Gift ni mtoto wa Rosseyanka aliyerudishiwa damu ya kaki. Matunda ni makubwa kuliko ya Jembe, yana rangi nyekundu iliyoiva, na mti hustahimili nyuzi 20 hivi. Ukakasi upo, mfuate Bi Matandazo.

Tatizo lake ni haraka. Siku chache za joto mwishoni mwa baridi na macho ya matawi yanaanza kuvimba, kisha jalidi inarudi. Wangu uliunguzwa namna hiyo mara mbili, ukachipuka tena lakini mwaka huo hakukuwa na tunda.

Kobe
Samahani kuingilia. Nimepokea mche wangu leo, mizizi ni myeusi tii kama makaa. Nimeuziwa maiti?

Bi_Matandazo
Hapana Kobe, mizizi ya persimoni ndiyo rangi yake. Kwangua gome kidogo kwa ukucha, ukiona kijani chini yake uko hai. Usiukate mzizi mkuu ili uenee kwenye shimo, chimba shimo refu zaidi. Na usiung'oe kwa hasira majirani wote wakishatoa majani na wako bado fimbo. Wangu wa kwanza ulinikawiza hivyo hadi nikawa naona aibu kupita karibu nao.

NyumaYaNyumba
Basi Fuyu naiacha, nitakuwa nainunua. Nimeamua: Nikita's Gift iliyobebeshwa juu ya kishina cha virginiana, karibu na ukuta unaopigwa jua, na Meader kule uwanjani.

MzeeWaMiche
Kishina umechagua vyema. Ukuta sina hakika nao: joto lake ndilo litakaloiamsha mapema. Mimi ningeipa mahali penye jua lakini mbali na ukuta.

Jembe_Butu
Hapo Mzee tunatofautiana. Ukuta unasaidia tunda kuiva, na kuiva ndiko kunakopungua huko kwake.

Bi_Matandazo
Wagombane hao, wewe panda masika jalidi kali ikishaisha. Majira mawili ya baridi ya mwanzo funga shina kwa gunia hadi juu ya palipobebeshwa. Mbolea ya naitrojeni iwe kidogo na usiiweke katikati ya majira ya joto kwenda mbele, la sivyo matawi yatakutwa na baridi yakiwa mabichi. Baadaye mbolea hiyohiyo ikizidi huangusha vitunda. Na usipunguze ncha za matawi kwa kupenda unadhifu, maua hutokea kwenye machipukizi yanayotoka karibu na ncha hizo.

Kobe
Nimekwangua. Kijani!