Kikoba chetu kinataka kuacha sanduku, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 25, Mbagala. Tangu tuanze tunatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Sasa wanachama vijana wanataka tuhamie akaunti ya kikundi ya kwenye simu, ile ambayo hela haitoki mpaka viongozi wathibitishe kwa namba zao za siri.

Sanduku kuibiwa naogopa, sikatai. Ila mwenyekiti wetu namba yake ya siri anaijua mjukuu wake! Na laini ikipotea wiki ya kugawana akiba je? Usajili wa halmashauri kwa ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 tunao. Mliohama, makato ya kutoa analipa nani, kikundi au mkopaji?