Tupeane uzoefu: ulisemaje kuhusu mshahara wako mdogo mpaka watu wakakuunga mkono?

Salaam aleikum wana Malindi, wana Lamu na nyote wa mwambao, wakubwa shikamooni. Sisi wa mshahara mdogo, mahotelini, kwenye chumvi, majumbani kwa wageni, wachukuzi wa gatini, tukilalamika jibu ni moja tu, shukuru una kazi wenzako wako maskani. Na anayekujibu hivyo si tajiri, ni jirani yako. Kwa hivyo hapa sitaki mashindano ya nani kateswa zaidi, nataka mtu aseme aliongea nini, na nani, mpaka yule akageuka.

Naanza mimi. Kima cha chini cha mshahara hapa Kenya kilipoongezwa asilimia 6 mwaka 2024, maskani kwetu ikawa haya mushaongezwa, mwataka nini tena. Sikubishana, nikauliza tu, mtu wa elfu tisa asilimia 6 yake ngapi? Mmoja akatoa simu akapiga, 540 kwa mwezi. Haya gawanya siku 30. Shilingi 18! Mahamri mawili hupati. Na wako ambao hata hizo 18 hawakuziona. Yule aliyekuwa akisema sana ndiye aliyeipeleka hiyo hesabu mpaka sokoni, maana kaipiga kwa simu yake mwenyewe.

Mkwangua chumvi:
Mimi nimefanya chumvi huku Gongoni. Ukimwambia mtu wa mjini kazi ni ngumu haimwingii, kila mtu kazi yake ngumu. Siku ya kikao cha chifu nikavua gambuti nikaonyesha mguu. Ukiwa na kidonda hata kidogo maji ya chumvi yakiingia hakifungi, kinakuwa chekundu katikati na pembeni ngozi nyeupe imelainika kama ya maiti, na gambuti lenyewe nimenunua kwa pesa yangu. Nikasema sitaki pole, nataka buti litoke kwa mwajiri kwa sababu sheria ya usalama kazini ya 2007 yasema nguo za kujikinga ni juu yake. Basi, hilo tu. Wazee wakachangamka, wengine wanakumbuka Tume ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilivyokuja kusikiliza wananchi wa huku kwetu Magarini juu ya makampuni ya chumvi, ripoti ikatoka 2006. Ukisema tunanyanyaswa watu watatikisa kichwa waende zao, ukisema buti wanajua wakushikie wapi.

Bint Langoni:
Mie niko Lamu, nafanya nyumba za wageni kule Shela. Mwenzangu mmoja alipigwa picha na mgeni, kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, ikapostiwa na maneno ya kuliza. Zikaja nguo, ukaja mchele, mshahara haukusogea hata shilingi, na mtaani wakaanza kusema huyo ashapata wafadhili wake. Mimi tangu hapo picha za huruma sizitaki. Tulipokaa na mwenye nyumba tulizungumza kazi, nani ajua tangi likikauka maji yatoke wapi, nani akumbuka mgeni wa chumba cha juu hali pweza atavimba, nani apokea watu usiku boti ikichelewa kutoka Mokowe. Mwenye nyumba alikuwa adhani atulipa kwa kufagia! Akaongeza, si nyingi lakini akaongeza.

Weita mstaafu:
Sisi tuliyemtafuta ni mwenye duka. Hotelini sizini ikiisha twarudishwa nyumbani, unga na mafuta twachukua kwa deni, sasa daftari lake lina majina ya hoteli nzima. Tukamwambia fungua hilo daftari, mshahara wetu ukiwa mdogo anayetukopesha ni wewe, yaani wewe ndiye unayemsaidia tajiri kulipa wafanyakazi wake. Akacheka kisha akanyamaza, akafungua kurasa. Mkutano uliofuata wa wadi alisimama yeye, sisi tukakaa. Akisema weita watu wasema njaa yake, akisema mwenye duka menija mwenyewe anasikiliza.

Mama Kibanda:
Haya nami mwajiri jamani msinile. Nina kibanda cha chakula na wasichana wawili, Aprili mpaka Juni mvua na kusi, wageni hakuna, hizo pesa nizitoe wapi?

Mwenye uzi:
Mama, wewe hatukulengi, na nyie wengine msimrukie, tukianza kuwafanya wenye vibanda maadui tutabaki kuongea wenyewe kwa wenyewe. Mimi nawasema wale wakubwa ambao mtu yuleyule kazi ileile kila siku ni kibarua wa kutwa, mwezi wapita, miwili yapita, bado kibarua. Sheria ya ajira ya 2007 kifungu cha 37 yasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi ahesabiwe mfanyakazi wa mwezi. Hilo naona bado hatujapata njia ya kulisema mtu wa kawaida akalishika kama lile la mahamri. Aliyewahi kwenda nalo ofisi ya leba au redioni akaeleweka atuandikie alivyoanza, neno kwa neno.